Mujusi Wako Hataki Kula

Papa Fundi,

Nianze na koti, kwa sababu nisipolisema litanikaa kooni. Walikuzika na abakosti, lile koti letu la heshima lisilovaliwa na tai, iliyoshonwa na mtu mwingine. Wewe! Nusu ya mtaa wa Nyawera inatembea ndani ya mishono yako, halafu wewe mwenyewe unashuka kaburini bega moja limepanda, lingine limeshuka, kola imelala kama ulimi wa mbuzi. Na vifungo, Papa Fundi. Vifungo havikufanana! Mimi Nabintu, uliyenifundisha kukata na kushona tangu nilipotoka shule ya masista, nilisimama pale ninaangalia vifungo, padri anasali, mimi ninaangalia vifungo.

Nilitaka nikushonee mimi. Kile kitambaa cha kijivu ulichojiwekea kilikuwa juu ya rafu, vipimo vyako ninavyo kichwani. Mdogo wako, Tonton Bagula, akakataa. Ati kwenu fundi akifa mashine yake inafunikwa, pasi yake ya makaa inazimwa, na hakuna wa kushona wala kunyoosha nguo ndani ya atelie, chumba chake cha kazi, mpaka ukoo unyoe nywele na kilio kiondolewe. Basi wakaenda kununua koti kwa yule wa ng'ambo ya barabara, yule uliyekuwa unamwita mushona-magunia. Nililia kaburini mpaka wanawake wakanishika mikono. Walidhani ni huzuni peke yake. Nusu ilikuwa hasira.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya koti. Ninakuandikia kwa ajili ya Anselmi, na hapo pia nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yako.

Unakumbuka siku serikali ilipotangaza kwamba majina ya kizungu yamekwisha, kila raia ajiite kwa jina la mababu, na anayeng'ang'ania la kizungu afungwe. Wewe la mababu ulikuwa nalo tayari, Mushagalusa, limeandikwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Ila lile la ubatizo, Anselmi, ambalo mama yako aliita mpaka siku yake ya mwisho, walilifuta kwenye kitambulisho. Ulirudi kutoka ofisini. Ulikaa kwenye kiti chako, ukamtazama yule mujusi aliyekuwa anaishi ukutani nyuma ya meza ya kupigia pasi, ukasema, "Bon. Mimi bameninyanganya. Lakini weye, hakuna mutu atakuuliza kitambulisho. Kuanzia leo, Anselmi ni weye." Nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole. Baadaye niliona kwamba wewe hukucheka.

Kuanzia siku ile mujusi akawa mtoto wa nyumba. Ukamtengenezea sanduku la uzi, ukaweka wavu mbele, ukamwachia tundu la kupanda ukutani. Hapo ni sawa. Lakini chakula? Yezu Maria! Mtu mwenye akili zote zile za kupima na kukata, unamlisha mujusi maziwa ya mkebe! Unachovya kidole kwenye yale maziwa mazito ya sukari, unamnyooshea, analamba, anafumba mdomo, anakutazama, unamwongezea. Nikisema, unaniambia, "Muache, na yeye anapenda kitu ya tamu." Kila mtu anapenda kitu cha tamu! Hiyo ndiyo sababu ya kumpa?

Mpaka mguu wake wa nyuma ukaanza kupinda. Taya likalegea, akawa anashindwa kushika hata nondo mdogo. Ndipo ukaogopa, ukaniita, sauti ya chini: "Nabintu, angalia uyu mutoto." Nikakuambia kwamba mama yangu kule Walungu huwasagia kuku wake maganda ya mayai, la sivyo mayai yanatoka laini. Mujusi naye ana mifupa, atakosaje kuhitaji? Nikakausha maganda juu ya mbabula, jiko letu la makaa, nikayasaga mpaka yakawa unga. Nyenje nilikuwa ninawakamata kwenye majani nyuma ya soko, ninawafungia kwanza na mboga ya lengalenga wale washibe, maana mujusi hali majani lakini nyenje anakula, na kilicho ndani ya tumbo la nyenje kinaingia ndani ya tumbo la mujusi. Kisha ninamtia nyenje kwenye boksi la kiberiti pamoja na unga wa maganda, ninatikisa, anatoka mweupe mwili mzima. Leo nyenje, kesho nondo wawili, siku nyingine buibui, na senene wakija, senene mdogo aliyekatwa miguu, asiyezidi upana wa kichwa cha Anselmi.

Na yeye, mtoto wako, alikuwa anafanya nini? Anamshika nyenje, anamtema, anageuza kichwa kukutafuta wewe na kidole chako. Kichwa ngumu! Ilibidi nifiche ule mkebe nyuma ya vitambaa vya bitana. Ulinuna wiki nzima, wewe na yeye. Lakini mguu ulinyooka, sema kweli. Ulinyooka karibu wote.

Sasa sikia yaliyotokea ulipoondoka.

Tonton Bagula alikuja kutoka Walungu na ufunguo wa atelie ukaingia mfukoni mwake. Mashine akaifunika kwa shuka nyeupe. Pasi akaiweka chini ya meza. Nilimwomba angalau niingie asubuhi kumlisha mujusi. Akanikubalia, huku akinitazama kama mtu aliyeomba ruhusa ya kucheza kwenye msiba: niingie, niweke chakula, nitoke, nisiguse kitu.

Nikaweka nyenje. Anselmi hakula. Nikaweka nondo, hakula. Nikamletea buibui mnono niliyemtoa nyuma ya choo cha jirani, hata hakumtazama. Nyenje wakawa wanatembea ndani ya sanduku, wanampanda mgongoni, yeye kimya. Bakuli la maji nililomwekea limejaa vilevile. Nikasema, huyu ananinunia, anataka kidole cha mwenyewe. Nikameza hasira yangu, nikautoa ule mkebe wa maziwa, nikachovya kidole, mimi, Nabintu! Nikamnyooshea. Akafumba macho.

Hapo ndipo niliposhikwa na woga. Anselmi akatae maziwa?

Nilifanya kosa la kulisema kule kwenu Cimpunda, kilioni. Aka! Kila mtu ni daktari wa mujusi. Mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akasema nimpe sambaza. Mwalimu mmoja akasema majani ya salade, ati yana vitamini. Mama Furaha, mke wako maskini, ambaye yeye mwenyewe hali, alinifungia kwenye jani wali na kipande cha nyama kutoka sufuria ya wageni, akaninong'oneza, "Umupatie, pengine iko na njaa ya kitu ya nyumbani." Nilipokea kwa mikono miwili. Sikuwa na roho ya kumwambia kwamba mujusi hali wali.

Hao nawasamehe. Nisiowasamehe ni wale waliogeuka kuwa wasemaji wako. Tangu ufe, Papa Fundi, kila mtu anajua unataka nini! Mmoja anasema mujusi anaomboleza. Mwingine anasema wewe umekasirika, kaburi halikukupendeza, ndiyo maana mnyama wako anafunga mdomo. Mwingine anasema umemtuma akae macho kuona nani atakula mali yako. Watu hawa wote, ulipokuwa hai, hata mmoja hakukuuliza umeamkaje! Nilitaka kusimama katikati ya uwanja niseme, ninyi, muzee alikuwa anasema mwenyewe alipotaka kitu, na alikuwa anasema kwa sauti.

Tonton Bagula ndiye alimaliza mjadala. Akasema mnyama anayekataa chakula ndani ya nyumba ya marehemu anaita mtu mwingine afuate. "Kama mpaka Siku ya Mungu hajakula, nitamutoa na nitamutupa kule chini kwa ziwa." Watu wakaitikia kwa kichwa. Ukingoni kwa ziwa, Papa Fundi, kwenye upepo ule na kunguru wale! Mujusi aliyekonda vile asingemaliza asubuhi moja.

Jumamosi, Siku ya Mungu ikiwa kesho yake, mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua ya Bukavu inayoshuka polepole na haina mpango wa kuondoka. Nikafungua atelie. Ndani kulikuwa na baridi ya pango. Sandukuni Anselmi hayupo, ukutani hayupo. Nikatafuta nyuma ya vitambaa, nikapiga magoti chini ya meza, nikasema basi, ameshakufa, panya amemchukua. Ile pasi ilikuwa hapo mbele ya pua yangu, kifuniko kimeachia kidogo. Nikakiinua.

Alikuwa ndani. Amelala kwenye majivu ya zamani, amejikunja, mweusi wote. Nikamtia mkononi, akawa baridi kama mkasi. Hakujaribu hata kukimbia.

Nilikaa chini sakafuni naye mkononi, na nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Huzuni? Hasira ya marehemu? Huyu mnyama alikuwa anasikia baridi! Maisha yake yote ameishi ukutani nyuma ya pasi ya makaa, jiwe la ukuta lina joto kutwa nzima, na watu wakaja wakamzimia moto kwa heshima. Atakula vipi na tumbo limeganda? Hata kinyonga asubuhi ya baridi hasogei mpaka jua limguse, kila mtoto wa Kivu amewahi kuliona hilo. Na mimi ninamrundikia nyenje!

Na maji. Sikuwahi kumwona akinywa bakulini, kamwe. Nikakukumbuka wewe na kikombe chako: unajaza mdomo, unapuliza, pfuuu, juu ya suruali, nusu ya maji inaruka ukutani, unapitisha pasi, mvuke unapanda. Na Anselmi nyuma yako, kimya, analamba matone moja moja. Mimi nilikuwa ninakulaumu kwamba unaharibu rangi ya ukuta. Kumbe ulikuwa unamnywesha kila siku bila kujua. Au ulijua? Kama ulijua, kwa nini hukuniambia! Ulinifundisha tundu la kifungo kwa miezi, hili ukashindwa kulisema kwa neno moja?

Nikamtia Anselmi ndani ya blauzi yangu, kifuani, nikapanda mpaka Cimpunda chini ya mvua. Nikamkuta Tonton Bagula chini ya baché, lile turubai la kilio, amezungukwa na wazee. Nikamwambia kwa adabu, nakuapia kwa adabu, kwamba mujusi haombolezi, ana baridi, na ninaomba kuwasha pasi. Siyo kunyoosha nguo. Kuwasha tu, ukuta upate joto.

Akasema hapana. Moto wa kazi ya marehemu hauwashwi kabla ya ukoo kunyoa. Nikamwambia hii si kazi, ni mgonjwa. Akasema, mbele ya watu wote, "Weye si mutoto ya hii nyumba. Weye ni mufanyakazi."

Papa Fundi, nilimwinamia kichwa kwa adabu. Ungeniona usingeamini. Niligeuka, nikaenda kule wanawake walikokuwa wanapikia wageni. Mama Furaha alikuwa amekaa pembeni kwenye mkeka wake wa ujane, hapaswi kugusa chungu wala kuinuka. Alinitazama, akatazama mkebe mtupu wa majani ya chai uliokuwa karibu na jiko, akageuza uso upande mwingine, polepole kabisa. Nilichukua ule mkebe, nikaujaza makaa mekundu kutoka kwenye moto wa kilio chako, nikafunika na sufuria mbovu, nikashuka nao mpaka Nyawera, mkebe unaniunguza vidole kupitia kitenge.

Nikatia makaa ndani ya pasi. Nikapepea. Nikaisimamisha mahali pake, karibu na ukuta, nikamweka Anselmi mahali pake, nikajaza maji mdomoni, nikapuliza. Sijui kupuliza kama wewe, maji yaliniingia puani, nikakohoa na kulia kwa pamoja. Lakini ukuta ulilowa.

Muda mrefu hakufanya kitu. Rangi yake ikaanza kurudi polepole, kutoka nyeusi kuja ile ya mchanga. Kisha akatoa ulimi, akalamba tone. Akalamba lingine. Akasogea, akalamba la tatu, na mimi nikawa ninapuliza tena na tena, mpaka blauzi yangu yote imelowa.

Hapo mlango ukafunguka. Tonton Bagula, koti jeusi linachuruzika, amefuata moshi. Nilisimama mbele ya pasi. Nilikuwa nimepanga maneno, maneno mabaya, Papa Fundi, ya kumwambia mdogo wako, na hata moja sijutii. Hakunipa nafasi. Alikuwa anaangalia juu ya bega langu, ule ukuta uliolowa. Nadhani na yeye aliwahi kukuona ukipuliza. Akauliza kwa upole, "Jina yake ni nani?"

Kumbe hakujua. Siku zote zile alikuwa anasema "ule mnyama", na hakuna aliyemwambia. Kilioni hakuna aliyethubutu.

Nikasema, "Anselmi."

"Nani alimupatia ile jina?"

"Papa Fundi mwenyewe. Siku bamemunyanganya."

Alikaa kwenye kiti chako, ambacho tangu ufe hakuna aliyekuwa amekikalia. Akavua kofia. Akaniambia kwamba tangu mko watoto hakuwahi kukuita kwa jina lingine mpaka lile tangazo, na tangu hapo alikuwa anakuita "sitwayen", yaani raia, kama walivyoamuru, mbele za watu na "Anselmi" mkiwa wawili tu, shambani, au nyumbani mlango umefungwa. Kaburini alimsubiri padri alitaje hata mara moja, hata kwa sauti ya chini. Padri alisema Mushagalusa, kisha Mushagalusa, kisha akafunga kitabu. "Ndugu yangu tumemuzika na nusu ya jina," akasema. Na mtu yule ambaye sikuwa nimeona chozi lake tangu siku ya kwanza, ambaye nilikuwa nimemwita moyoni jiwe na gogo, akalia, Papa Fundi, mabega yanatikisika ndani ya lile koti lililolowa.

Sikujua nifanye nini. Nikatikisa boksi la kiberiti, nikamtoa nyenje mmoja mweupe, nikamtia kwenye vidole vyake. Alinyoosha mkono ukutani. Alimsogeza karibu mno, ningekuwa mujusi ningekimbia. Akasema, "Anselmi. Kula basi. Kula, ndugu yangu." Akarudia, safari hii kwa sauti kubwa zaidi, na akarudia tena, mpaka nikaelewa kwamba aliyekuwa anaitwa si mujusi tena, ni wewe.

Anselmi alimtazama. Akamtazama nyenje. Akageuza kichwa upande mwingine, kama kawaida yake, shetani yule, hata siku ile! Kisha akarudi, akaruka, akamnyakua.

Tangu hapo pasi inawaka kila asubuhi. Hatunyooshi kitu, mashine bado imefunikwa, desturi yenu nimeiheshimu. Wazee wakiuliza habari za moshi, Tonton anajibu kwamba moto ameuwasha yeye, na hakuna mwenye kumuuliza zaidi. Yeye ndiye anayepuliza maji, ana mdomo mzuri wa kazi hiyo. Juzi nilimkuta anatafuta kitu nyuma ya vitambaa vya bitana. Nikamwambia hayo maziwa nimekwisha kuyamwaga. Akanuna. Mko damu moja kweli.

Mguu wa Anselmi bado umepinda kidogo. Lakini anakula: nyenje, nondo, buibui, na unga wake wa maganda, na senene wakija atapata. Anatema, ananichukia, anatazama mlango. Mimi pia natazama mlango, usidhani.

Basi lala, Papa Fundi, pumzika, hasira zangu zisikuamshe. Ninakuahidi jambo moja. Kilio kikiondolewa, nitafungua mlango wa atelie mpana, saa ambayo soko limejaa, na askari wanapita, na wale wa chama wanapita, na mushona-magunia amesimama ng'ambo anatusikiliza. Na nitaita kwa sauti yangu yote, siku hiyo na kila asubuhi nitakayokuwa hai: Anselmi! Anselmi, kuja kula! Na anayetaka kunifunga aje anifunge. Nitamwambia ninamwita mujusi.

Nabintu